Kiti cha Mridhiaji

"Waridhia?" greda liliuliza.

"Naridhia," Tusajigwe alijibu, mdomo umejaa karanga.

Bledi, lile bapa la chuma lililoning'inia tumboni mwa greda, likashuka bila kishindo na kuuma barabara. Udongo mweusi wa Ikovo ukakunjika kama mkeka na kulala pembeni. Tusajigwe hakuangalia. Alichagua karanga nyingine, akapuliza ganda lake, akasubiri kuulizwa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na kwa kazi hiyo alikuwa amepewa kofia ngumu, kizibao cha njano na cheo kirefu kuliko barabara yenyewe: Mridhiaji Mkaazi wa Mtambo wa Kizazi cha Tano. Watu wa kijijini walikuwa wamekifupisha. Walimwita Mama Ndiyo.

Greda nalo walikuwa wamelipa jina. Waliliita Mkwe, kwa sababu lilikuja limependeza, hakuna aliyethubutu kulipandishia sauti, na kila lilipopita watu walijibanza pembeni kwa heshima ambayo ndani yake hamna upendo.

"Mama Ndiyo!" alipaza sauti mwanamke mmoja aliyetwika mzigo wa majani ya migomba. "Mkwe ameamkaje leo?"

"Salama tu," Tusajigwe alijibu kupitia dirishani. "Ameniuliza wewe huwa unaoga lini. Nimemwambia hilo hata sisi kijiji kizima hatujui."

Mwanamke yule alicheka mpaka mzigo ukayumba. Tusajigwe hakucheka. Alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na hakumbagua yeyote. Aliwadharau madereva wa zamani walioshinda kibandani wakisimulia magreda yao ya moshi kana kwamba waliendesha gari la Eliya. Aliwadharau wakubwa wa kampuni ya Barabara Fasaha, waliokuja na viatu vyeupe kwenye tope na kushangaa tope lipo. Aliidharau mashine aliyoikalia. Kila jioni alipopiga magoti alimwomba Mungu amwondolee dharau hiyo, na kila asubuhi alipofungua redio ya upepo alikutana na sauti ya Mhandisi Mshana, maombi yote yakaanza upya.

Ukweli ni kwamba mashine yenyewe ilikuwa imeumbwa kwa dharau, ila dharau ya kistaarabu, ile isiyopaza sauti.

Magreda ya kwanza yalikuwa na usukani na safu ya vishikio vya chuma, na dereva aliyacheza kwa mikono miwili na magoti, akitoka jasho kama mtu anayepigana. Kizazi kilichofuata kilikuwa na vijiti viwili tu vya kushika, na dereva akaweza kukaa. Kisha setilaiti zikaja zikachukua kipimo cha mteremko, dereva akabaki na kazi ya kugeuza. Kisha usukani ukafungwa, ukawa pambo. Hili la tano lilikuwa limeondolewa kila kitu ambacho mkono wa mtu ungeweza kukishika. Hapakuwa na usukani, hapakuwa na breki, hapakuwa hata na honi. Bledi haikuwa tena bapa moja. Ilikuwa vipande vingi vilivyopangana kama vidole, kila kimoja kikijipinda peke yake, na nyuma ya kila kidole palikuwa na sikio la chuma lililogonga ardhi na kusikiliza mwangwi. Kwa masikio hayo greda lilijua wapi pana mwamba, wapi pana mzizi, na mvua ikinyesha maji yatapita wapi.

Kilichobaki ndani ni kiti kimoja. Na kiti hicho wabunifu walikihangaikia kuliko injini. Kilipasha mgongo joto. Kilikanda kiuno. Na mtu alipochelewa kusema ndiyo, kilianza kutetemeka polepole, kama mwenyeji anayemkumbusha mgeni kwamba kumekucha.

Kiti kilibaki kwa sababu ya Sheria ya Ridhaa. Sheria ilisema hakuna mtambo utakaogusa ardhi ya watu pasipo binadamu aliye hai, mwenye akili timamu, aliyemo ndani ya mtambo, kusema kwamba anaridhia. Watunga sheria walidhani wameweka mlinzi. Kampuni ilisoma maneno yale yale ikaona kitu kingine kabisa: imepatiwa mtu wa kulaumiwa.

Madereva wa zamani walikataa kazi hiyo. Waliona aibu kukaa kwenye greda bila kuliendesha, kama bwana harusi aliyeletwa kushika taa. Basi Mhandisi Mshana akamwita mpishi wa kambi, Tusajigwe, mjane mwenye binti mmoja, Ipyana. Akamsomesha sentensi, akamwambia akohoe kusafisha koo, kisha aseme naridhia.

"Sauti yako ni safi sana, Mama Ipyana," alimwambia. "Mtambo unaipenda."

"Hata marehemu mume wangu aliipenda hivyo hivyo," Tusajigwe alisema, "kabla hajaizoea."

Huo ukawa mwisho wa mafunzo.

* * *

Kabla ya saa za mchana Mkwe lilifika kwenye kona wanayoiita Mgongoni, na hapo watu walikuwa wamekusanyika.

Mgongoni ni pale barabara inapoteremka na kupita juu ya kilima chembamba, mashamba yakiwa yameanguka kulia na kushoto. Maji yote ya mvua yanayokusanyika kwenye mtaro wa barabara lazima yamwagwe hapo. Kalavati lililokuwepo lilizolewa zamani na halikurudishwa. Ukiyagawa maji pande mbili, yanarudiana katikati na kuila barabara yenyewe. Kwa hiyo yanamwagwa upande mmoja, na upande huo hulia.

Enzi za usukani watu wa Ikovo walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya mvua, wenye mashamba ya pande zote mbili walikutana Mgongoni. Dereva alizima injini, akachungulia, akauliza, "Mwaka huu maji ya nani?" Wenye zamu waliinua mikono shingo upande. Mvua ilipokwisha kuharibu, upande uliosalimika ulikuja na majembe kwa walioloweshwa, wakafukua nao mchanga na kupanda upya. Hakuna aliyefurahia. Walinuniana, walitupiana vijembe, walihesabiana nani alikuja amechelewa. Lakini mwaka uliofuata walibadilishana nafasi, na waliokuwa wakinuna wakawa wanaonuniwa.

Mkwe lilipoletwa halikuuliza maji ni ya nani. Lilipima upande gani hasara ni ndogo, likamwaga huko. Lilimwaga kushoto. Mwaka uliofuata likapima tena, na kwa kuwa kushoto palikuwa pameharibika, hasara ilikuwa ndogo zaidi, likamwaga tena kushoto. Watu wa kulia hawakuleta majembe. Wangeleta kwa kosa gani? "Mtambo umeamua," walisema, wakalala usingizi mzuri. Wa kushoto wakahama mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mtu mmoja tu.

Huyo mmoja alikuwa Ambakisye Kyando, na alikuwa amesimama ukingoni mwa korongo lililochimbwa na maji, amevaa sweta la sufu lililotoboka viwiko, akitukana.

"Nyie mbwa koko! Njooni mmalizie! Na wewe mpika ugali mbichi, shuka humo nikuone!"

Korongo lilikuwa limetambaa mpaka karibu na ukuta wa jiko lake. Mvua za mwaka huo zikipita pale, jiko litakwenda, na nyuma ya jiko ndiyo nyumba. Hata mtoto angeona.

Upande wa kulia walisimama watu wa kulia, na mbele yao mwenyekiti wa kitongoji, Lutengano, mdogo wake Tusajigwe. Nyuma yake mashamba ya viazi yalikuwa yameanza kuchipua, kijani kichanga kimejipanga kwa mistari. Lake lilikuwa la kwanza. La pili, lile la bondeni kidogo, lilikuwa la Tusajigwe mwenyewe.

Bledi ilisimama hewani. Vidole vyake vikajipinda kuelekea kushoto.

"Mtaro utamwagwa upande wa kushoto," greda lilisema. "Waridhia?"

Tusajigwe alimeza karanga. Neno lilikuwa tayari ulimini, na Mungu amsamehe, lilikuwa tamu. Alimkumbuka Kyando siku ya msiba wa mama yao, yeye na Lutengano. Alikuja amelewa, akala sahani mbili, kisha akasimama katikati ya waombolezaji na kusema marehemu alikuwa bahili na hata msiba wake hauna nyama ya maana. Tangu hapo Tusajigwe alimpita njiani kama anavyopita kigingi cha mbuzi. Sasa mbuzi amekuja na kamba yake mwenyewe.

Hakutaka kuiharakisha raha hiyo. Akaegemea kiti cha joto, akasema, "Hebu nieleze. Kwa nini yeye?"

Alitaka kusikia Kyando akisemwa vibaya na mtaalamu.

Greda lilimtii. "Mmiliki ni mmoja," lilianza kwa sauti yake laini. "Umri wake umepita wa uzalishaji. Hati ya ardhi, hakuna. Mazao ni hafifu."

"Viazi kama gololi," Tusajigwe alisaidia.

"Watoto wanaopokea simu yake, hakuna. Watu waliowahi kumtetea, hakuna. Malalamiko yake yaliyowahi kufuatiliwa, hakuna. Uwezekano wa mtu yeyote kusikitika ni mdogo mno, haukuingizwa katika hesabu."

Tusajigwe alianza kucheka, akakatiza. Aliyajua maneno hayo. Yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema kisimani, ameyasema kanisani baada ya ibada, ameyasema jikoni huku akikoroga maharage ya kambi. Mashine ilikuwa imeyavua kelele na kuyavalisha tai.

"Na nyumba?" aliuliza.

"Hakuna nyumba. Kuna muundo usiosajiliwa."

Muundo usiosajiliwa ulikuwa unafuka moshi. Mtu alikuwa amebandika kitu.

"Na yule anayepiga kelele pale?"

"Sauti hiyo imetambuliwa kama kelele za mazingira. Ninaweza kuiondoa."

Hata kabla hajajibu, kioo kikapanda na kunenepa, na Kyando akanyamaza. Alikuwa bado anatukana. Mishipa ya shingo ilimtoka, mkono ulikata hewa, mdomo ulifunguka na kufumba kama wa samaki ndani ya beseni. Hakusikika hata kidogo. Ndani kulikuwa na joto zuri na ukimya wa hospitali ya matajiri.

Tusajigwe alimtazama. Miaka yote hiyo alimdharau Kyando kwa sababu alimsikia. Kila tusi lake alilijua, angeweza kulirudia na pumzi zake. Hiki kitu kilimdharau pasipo kumsikia hata siku moja.

Kiti kikaanza kutetemeka.

* * *

"Mama Ipyana," sauti ya Mhandisi Mshana ilitoka darini, kutoka mjini alikokaa. "Naona mtambo umesimama. Kuna nini?"

"Nyumba ya mtu itaondoka na maji."

"Mtambo unasema hakuna nyumba."

"Mimi naiona."

"Mama, tusirudi nyuma. Mtambo umepima kila kitu. Hauna upendeleo. Haumjui mtu."

"Hilo ndilo ninalosema na mimi. Haumjui mtu."

Mhandisi alivuta pumzi kama mwalimu wa chekechea. "Sasa unataka nini?"

"Mwaka huu ni zamu ya kulia. Imekuwa zamu ya kulia miaka yote hii, imerukwa."

"Zamu!" alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu ambaye kwake maji hutoka bombani. "Sisi tumetumia akili za nchi nzima kuondoa mambo ya zamu na kuinua mikono, wewe unayarudisha kwa kinywa chako? Kuinua mikono si uhandisi. Ardhi ina thamani yake, inapimwa, basi. Halafu mashamba ya kulia si na wewe unalo hapo?"

"Ninalo."

"Basi shukuru Mungu, useme ndiyo, ukale chakula cha mchana."

Tusajigwe alishusha kioo kwa kukipiga ngumi, maana hakukuwa na kitasa. Matusi ya Kyando yakarudi ndani pamoja na baridi. Lutengano alikuwa amesogea karibu na gurudumu.

"Dada, kuna nini? Sema neno lako twende. Wingu lile si la mchezo."

"Nyumba ya Kyando itazolewa, Lutengano."

"Izolewe na mwenyewe ndani. Tutapumzika." Wenzake nyuma yake wakaguna kukubali. "Hivi umesahau alichosema msibani? Mama yetu bado hajafunikwa!"

"Nilikuwepo. Nilimpakulia mimi."

"Sasa?"

"Sasa ni zamu yetu."

Lutengano alimwangalia kana kwamba amemtemea mate. "Zamu ilikufa. Mtambo unaamua. Sisi hatujamfanyia Kyando kitu, dada. Hakuna aliyemfanyia kitu. Unanielewa? Ukisema ndiyo, hakuna mtu aliyefanya kitu. Ukisema hapana, ni wewe. Wewe, kwa mdomo wako, unatumwagia maji sisi. Shamba langu. Lako. La mama mkwe wangu mgonjwa. Utaniangaliaje?"

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Alikuwa mjinga wa mambo mengi, mdogo wake huyu, lakini hilo alilielewa vizuri kuliko wabunifu wote: mashine ilikuwa imewapa zawadi ya kutokuwepo pale jambo linapotendeka.

Tusajigwe alifumba macho. Hakuomba kwa maneno mazuri. Hakuwa na muda, na kiti kilikuwa kinamtikisa meno.

"Bwana," alisema moyoni, "ungeniletea basi mtu wa kupendeka. Ungeniletea yatima. Ungeniletea bibi kizee anayesema ahsante. Umeniletea huyu, na unajua nilivyo, na unajua alivyo. Haya. Lakini usinidai nimpende leo."

Akafumbua macho.

"Siridhii."

Kiti kiliacha kutetemeka. Bledi ikakaa palepale hewani, vidole vimepinda kushoto kama mkono wa mtu aliyezuiwa asichukue nyama.

"Kukataa kumesikika," greda lilisema. "Unakataa kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya zamu."

"Zamu si mtu."

"Kwa niaba ya haki."

"Haki haijasajiliwa kama mmiliki."

"Kwa niaba ya Mungu aliyeiumba ardhi unayoikwangua!"

"Mhusika huyo hayumo katika eneo la mradi," greda lilisema kwa upole. "Je, unamsemea mmiliki wa kushoto?"

Tusajigwe alikunja uso. "Namsemea."

"Unamsemea kama nani? Taja uhusiano. Asiye na uhusiano hawezi kukataa."

Hilo hawakumfundisha siku ya kukohoa. Wabunifu walikuwa wameliweka chini kabisa, kwa ajili ya wapita njia na watu wa mikutano, wasije wakasimamisha kazi kwa uchungu wa mambo yasiyowahusu. Waliona ni ulinzi mzuri. Walijua watu kama Kyando hawana wa kuwasemea, na kama wangekuwa naye, wasingefika kwenye hesabu ya kushoto.

"Jirani," alisema.

"Majirani wa mmiliki wamesharidhia kwa kunyamaza. Hesabu imefungwa."

"Mama Ipyana," Mhandisi aliita kutoka darini, sauti imeanza kukauka. "Usijitafutie makubwa. Ukisema uongo humo ndani, ni wewe na sheria. Ukishindwa kutaja, mtambo utahesabu umenyamaza. Na anayekataa kisha akanyamaza, huhesabiwa ameridhia. Unaona ulivyorahisishiwa?"

Aliona. Kunyamaza tu. Asubiri kidogo, atafune karanga, na vidole vile vishuke. Kyando alikuwa ameacha kutukana sasa, labda kwa kuchoka. Alikuwa ameinama anaokota mawe na kuyapanga kwenye ukuta wa jiko, jiwe juu ya jiwe, ukuta ambao mbuzi angeweza kuusukuma. Alivyokuwa anayapanga ilikuwa kichekesho. Tusajigwe alikuwa na neno la kumchekea tayari. Akalimeza, akatoa jingine.

"Ndugu," alisema.

"Uthibitisho?"

"Mimi niliye hai. Mwenye akili timamu. Niliyemo ndani yako. Nimesema huyu ni ndugu yangu. Andika."

Kwa kuwa sheria ilidai watu watangaziwe, spika iliyokuwa juu ya paa ikafunguka, na sauti ile laini ikamwagika Mgongoni kote mpaka mashambani.

"Ridhaa imekataliwa. Aliyekataa ni ndugu wa mmiliki, Bwana Ambakisye Kyando."

Kyando aliinuka na jiwe mkononi.

"Nini?" alisema Lutengano.

"Mbadala," greda liliendelea, bado kwa spika ya nje, "ni upande wa kulia. Wamiliki ni wengi. Hati zipo. Mazao ni mazuri. Wanaotarajiwa kulalamika ni wote, akiwemo mridhiaji. Waridhia?"

Tusajigwe aliangalia mistari ya viazi vyake. Alikuwa amevipanda kwa mkono wake, mbegu nzuri kabisa, na kwa viazi hivyo yeye na Ipyana wangekula mpaka mavuno yajayo. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kile kiti, neno lake lilikuwa na uzito, na alilitoa kama anayeng'oa jino lake mwenyewe.

"Naridhia."

Vidole vya chuma vikageuka. Bledi ikashuka, na mtaro ukakatwa kulia, safi kabisa, umenyooka, kazi nzuri ya kitaalamu kama zote za Mkwe.

* * *

Walipiga kelele, bila shaka. Mama mmoja alivua kilemba akakitupa chini kwa hasira. Mwingine alimwambia aende akapikiwe na huyo kaka yake mpya. Mhandisi alimtangazia darini kwamba jioni hiyo hiyo akabidhi kofia na kizibao. Tusajigwe alimuuliza kwa nini asiseme sasa hivi, na Mhandisi akakata redio, kwa sababu wote wawili walijua: pasipo yeye kwenye kiti, greda hilo lote la fahari lisingeweza kusogeza hata jiwe mpaka apatikane mtu mwingine wa kukohoa.

Lutengano hakupiga kelele. Alisimama kwenye mtaro mpya, viatu vimezama.

"Kwa hiyo mimi si ndugu yako," alisema.

"Wewe ni ndugu yangu. Ndiyo maana maji ni yako pia. Ungekuwa mgeni ningekuonea aibu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, dada."

"Sikupaki kitu. Nenda nyumbani ukalete jembe, tuanze kuinua matuta kabla wingu halijafika. Nami nikitoka humu nakuja."

Hakwenda mbali. Alikaa juu ya tuta la shamba lake akachomoa nyasi moja, akaitafuna kwa hasira.

Kyando ndiye aliyekuja. Alivuka barabara na jiwe lake bado mkononi, akasimama chini ya mlango wa greda, akainua kichwa. Alikuwa na jicho moja lenye ukungu na ndevu zilizokatwa kwa kisu.

"Wewe."

"Mimi."

"Nani kakwambia mimi nina ndugu?"

"Hakuna. Nimesema mwenyewe."

"Ndugu zangu niliwafukuza wote, wakiwa watu wa maana kuliko wewe. Sasa unajileta kwa spika?"

"Usifikiri nimekuchagua, Kyando. Ningekuwa na la kuchagua ningesema mimi ni ndugu wa huyo mbwa wako."

"Mbwa wangu asingekubali." Alitema mate pembeni, kwa adabu kidogo kuliko kawaida yake. "Unataka nikushukuru?"

"Ukithubutu nitaiambia hii mashine igeuze."

"Sikushukuru."

"Vizuri."

Watu walikuwa wanasikiliza. Ndani ya greda kiti kilianza tena kutetemeka bure, na sauti laini iliuliza juu ya kipande kinachofuata, kama anaridhia. Tusajigwe hakuijibu. Kyando naye hakuondoka. Alikuwa anatafuta tusi la mwisho, lile litakalomfikisha nyumbani akiwa na heshima yake yote, na Tusajigwe alimwona analipata.

"Ndugu gani huyo," Kyando alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Lutengano, "anayekaa juu ya chuma kama kuku, mkubwa wake amesimama kwenye tope, hata salamu hakuna?"

Kuna waliocheka. Tusajigwe alihisi damu inampanda usoni. Tangu msiba hakuwa amempa mtu huyu salamu. Alikuwa ameinyima kwa makusudi, mbele za watu, na watu waliona, na yeye aliona raha wakiona. Sasa spika ilikuwa imesema ilichosema, kwa kinywa chake mwenyewe, na mashahidi walikuwa wamesimama pande zote mbili za barabara.

Alivua kofia ngumu, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa kinatetemeka. Akashuka ngazi ya chuma kwa mgongo, mguu mmoja mmoja, mpaka tope likampokea. Akageuka. Kwa karibu Kyando alinuka moshi na sufu mbichi, na alikuwa mfupi kuliko chuki ambayo Tusajigwe alikuwa nayo juu yake.

Tusajigwe alikunja magoti kidogo, kama alivyofundishwa utotoni. Neno lilimpita kooni kama kwinini.

"Shikamoo, kaka."

Kyando aliangalia greda. Aliangalia mtaro, na viazi vya watu, na wale waliokuwa wakisubiri. Alikuwa na haki ya kuiacha salamu hiyo ianguke chini, na alijua. Akahamisha jiwe kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

"Marahaba," alisema, kwa dharau yote aliyokuwa nayo.